Benchi Lililotazama Ukuta

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, umma wa Skelbeck ulitangaziwa jambo zito. Lilibandikwa kwa karatasi ya njano kwenye ubao wa matangazo, jirani na kisanduku cha posta, na lilisomeka hivi: "Kwa mamlaka ya Baraza la Kijiji, na kwa manufaa ya kizazi hiki na vizazi vijavyo, inaazimiwa kwamba kuanzia tarehe mosi Juni, kila benchi lililomo ndani ya mipaka ya Skelbeck litatazama mandhari bora zaidi ya kijiji, kama itakavyothibitishwa na mkutano mkuu wa wanakijiji. Ni mimi, Clement Armitage, Mwenyekiti."

Yale maneno ya mwisho, ya mkutano mkuu, Bwana Armitage aliyaongeza kwa sababu aliona sentensi imekuwa fupi mno kwa azimio. Hakuna aliyewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa Skelbeck isipokuwa yeye, karani, na mbwa wa karani.

Ndani ya mipaka ya Skelbeck kulikuwa na mabenchi mawili. La kwanza, mbele ya kanisa, lilikuwa linatazama mandhari tangu zamani. Kwa hiyo azimio lilihusu benchi moja tu, lakini Bwana Armitage ni mtu wa haki na hakupenda benchi lijione linaandamwa.

Benchi lenyewe lilikuwa juu, mwisho wa njia ya mawe inayopanda kutoka kanisani. Ukikaa pale, mgongoni mwako lilikuwa bonde zima: mto, malisho, minara ya makanisa matatu, na kwa mbali milima, siku ambazo mvua imepumzika. Mbele yako, hatua mbili kutoka magotini, ulikuwa ukuta. Ukuta wa mawe matupu yaliyopangwa bila saruji, mrefu wa kufika kifuani, kama kuta zote za upande ule. Mgeni akifika pale kwanza alicheka, kisha akamtafuta wa kumwuliza.

Mwaka uliopita aliyefika pale alikuwa jaji wa shindano la Kijiji Nadhifu cha Mkoa. Hakucheka, aliandika: "Benchi limekaa kinyume. Alama mbili zimepunguzwa." Skelbeck wakashindwa kwa alama moja na Ossgill. Ossgill, jamani! Kijiji ambacho mto wake una rangi ya supu ya dengu, na mabata wake wanakwenda kuogea kwa jirani.

Jambo hilo lilimuuma Bwana Armitage hadi akakosa usingizi. Alikuwa ameshapigilia msumari ukutani pa ukumbi wa kanisa, mahali pa kutundikia ngao ya ushindi, na msumari ule ulikuwa unamtazama katika kila kikao. Huyu alikuwa mtu aliyetumikia idara ya alama za barabarani miaka thelathini na moja, mpaka akawa mkuu wa mishale. Katika utumishi wake wote hakuna mshale uliowahi kuelekea kusikostahili. Alipostaafu alihamia Skelbeck, na sasa alikuwa na miaka kumi na minne pale, yaani bado ni mgeni. Wenyeji wa Skelbeck wakikuita mwenyeji ujue babu yako kazikwa pale, na tena kwa wakati.

Aliyekalia benchi lile alikuwa Bi Edna Raine, mjane wa miaka sabini na tisa. Kila siku saa tano alipanda njia ya mawe na chupa yake ya chai, akakaa, akautazama ukuta nusu saa, akashuka. Mvua ikinyesha alipanda na mwavuli. Marehemu mumewe, Norman, alikuwa fundi wa kuta za mawe, na ukuta ule ndio uliokuwa kazi yake kubwa. Kabla hajafa aliomba jambo moja tu, benchi liwekwe pale na litazame kule.

Habari hizo zote zilikuwamo kwenye jalada la Bwana Armitage, chini ya kichwa "Vikwazo".

Pamoja na azimio, baraza lilipitisha kanuni kumi na mbili za maandalizi ya shindano. Ya saba ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa kuwa aliitunga mwenyewe bafuni: "Mali yoyote inayoharibu sura ya kijiji, iwe ua, lango, ukuta au mnyama, itarekebishwa na mwenye mali kwa mikono yake mwenyewe, hadharani, bila kutuma mtu, mpaka kazi ikamilike." Ilitungwa kwa ajili ya Alf Dinsdale, mfugaji wa kondoo, ambaye majani ya kuwasha yalikuwa yamesimama langoni kwake marefu kumpita yeye. Alf alifyeka siku mbili, suruali fupi, watu wanapita wanamwangalia. Alijikuna wiki nzima. Bwana Armitage alipita pale mara nne kumwambia kwamba sheria ni msumeno.

"Msumeno sawa," Alf alimjibu, akijikuna shingo. "Ila ungenipa huo msumeno wenyewe, Mwenyekiti, maana huu mundu butu."

Kikao cha kujadili benchi kilifanyika Mei, ukumbini mwa kanisa. Mezani walikaa madiwani watano, mmoja wao akiwa amesinzia, na pembeni karani, Bi Hilary Stobbs, mwanamke mwembamba mwenye mwandiko mdogo na kumbukumbu ndefu. Wananchi waliohudhuria walikuwa wawili: Edna, na Alf aliyekuja kukwepa mvua. Utaratibu wa baraza unampa mwananchi dakika tatu za kusema.

"Bi Raine, una dakika tatu," alisema Bwana Armitage, akaweka saa yake mezani.

Edna alifungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, akapuliza, akanywa funda moja. Dakika ya kwanza ilikwenda hivyo.

"Mwenyekiti, umeshawahi kukaa pale?"

"Nimepakagua. Nilikwenda na dira."

"Nimesema kukaa. Kuweka makalio."

Alf alicheka kwa pua. Bwana Armitage akagonga meza. "Bi Raine, suala si makalio ya mtu. Suala ni mwelekeo."

"Basi nisikilize. Lile bonde lilikuwapo na litakuwapo, hakuna aliyelijenga na hakuna wa kumpa asante. Ule ukuta kaujenga Norman wangu. Hatua mia mbili na kumi, miaka miwili, mgongo ukimuuma kila siku ya Mungu. Alipokuwa kitandani aliniambia, Edna, watu wote wanapenda kuangalia mbali. Nami napenda kuangalia kazi ya mtu. Kuna ubaya gani hapo?"

Kalamu ya Bi Hilary ilisimama. Bwana Armitage alihisi kitu kimemkaa kooni, akachunguza, akaona ni biskuti.

"Baraza limepokea hisia zako," alisema, "na litaziambatisha kwenye muhtasari."

"Ambatisha na hili basi. Ukuta umefanya tumbo. Mvua za Machi zimeusukuma, pale usawa wa benchi. Nimeuegemeza mawe manne kwa chini, lakini huo ni ujanja wa kizee tu. Anatakiwa mtu aufumue pale, aupange upya."

"Tumbo la ukuta halimo kwenye ajenda."

"Tumbo halingoji ajenda, baba."

"Hata la Mwenyekiti halikungoja," alisema Alf kutoka nyuma.

"Kimya! Tumbo la ukuta, narudia, la ukuta, litaingizwa kwenye Mengineyo ya kikao kijacho."

"Kikao kijacho lini?"

"Julai."

Edna alifunga chupa yake taratibu. "Haya. Nitaufikishia ujumbe."

Kura zikapigwa: wanne waliunga mkono, hakuna aliyepinga, na diwani aliyesinzia akahesabiwa kuwa hana msimamo. Bwana Armitage hakuona sababu ya kueleza kwamba ukuta ule, tangu Oktoba, ulikuwa mali yake. Alikuwa amelinunua shamba lililo nyuma yake, asije mtu mwingine akalinunua na kuweka kitu kisichofaa kutazamwa, akamruhusu Alf alishie kondoo pale maana kondoo wakiwa mbali hupendeza. Tena mwenye mali anayezungumzia mali yake kikaoni ana mgongano wa maslahi, na Bwana Armitage hakuwahi kugongana na chochote.

Kikosi Kazi cha Kugeuza kilipanda kilimani tarehe thelathini Mei. Kilikuwa na watu watatu, vizibao vya kung'aa vitatu, na koni sita za barabarani za kuzuia magari, ingawa njia ile haijawahi kupitisha kitu kipana kuliko kondoo mjamzito. Mwenyekiti aliongoza kwa filimbi. Edna alikuwa amesimama pembeni na chupa yake.

Benchi lilifunguliwa, likageuzwa, likatua. Hapo ikagundulika kwamba Norman alikuwa amelichimbia kwa kufuata mteremko wa upande mmoja, na lilipogeuzwa miguu ya mbele ilining'inia hewani. Bwana Armitage alizungusha macho, akayaona mawe manne bapa, mazuri, yamelala chini ya ukuta bila shughuli yoyote.

"Leteni yale."

"Yale yana kazi," alisema Edna.

"Kazi gani?"

"Kukaa pale."

"Bi Raine, kukaa mahali si kazi."

"Mbona barazani mko watano?"

Mmoja wa Kikosi Kazi aligeuka kukohoa. Bwana Armitage alipuliza filimbi, mawe yakaletwa, yakasukumwa chini ya miguu ya benchi, na benchi likatulia sawasawa. Alikaa yeye wa kwanza. Bonde lote lilikuwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu alipostaafu alijisikia ameelekeza kitu kunakostahili. Edna alikuwa amepiga magoti chini ya ukuta, mkono juu ya mawe, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Usiguse, tafadhali," Bwana Armitage alimwambia kwa upole. "Sasa ni eneo lenye mmiliki. Kuna fomu kwa Bi Hilary. Itashughulikiwa Julai."

Tarehe mosi Juni Edna alipanda saa tano kama kawaida, akakaa, maana miguu ya miaka sabini na tisa haiulizi benchi linatazama wapi. Alipofika kwa Bi Hilary kujaza fomu, aliulizwa anaonaje.

"Naona vibaya, Hilary," alisema. "Nimempa Norman mgongo. Najisikia kama tumegombana na mimi ndiye mwenye kosa."

Bi Hilary alimpelekea Mwenyekiti taarifa hiyo neno kwa neno. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaikunja, kisha akaandika kwenye jalada: "Mrejesho wa watumiaji: umeanza kupokelewa."

Juni ndio mwezi wa jaji. Jaji huja bila taarifa, siku yoyote, kwa hiyo Skelbeck iliishi mwezi mzima ikiwa imeshika pumzi. Nguo za ndani hazikuanikwa nje. Mbwa walipigwa brashi. Kila mgeni alipaswa kusalimiwa kwa tabasamu la wastani, lisilozidi likaonekana la Ossgill. Bwana Armitage mwenyewe alipanda maua kwenye mapipa, kwenye hori la zamani la farasi, kwenye toroli bovu, na mbele ya nyumba yake akaweka vyungu hamsini na viwili, akavipanga kwa kamba.

Tarehe kumi alifika mtu mwenye daftari. Alikuwa anaandika namba! Neno lilipita nyumba kwa nyumba, na kabla mtu yule hajamaliza barabara alikuwa amekula skonzi tatu zenye jemu, amelazimishwa kusikiliza kengele za kanisa, na Mwenyekiti amemshika kiwiko akimpandisha kilimani kulikalia benchi. Mtu yule alikaa, akaangalia bonde, akasema ni zuri. Akaandika kitu. Bwana Armitage alichungulia, akaona nane na tisa, moyo ukamruka.

"Je, kuna lingine ungependa kulikagua, bwana?"

"Lipo moja," mtu yule alisema, akifuta jemu mdomoni. "Mita yako ya maji iko wapi? Nimeitafuta tangu asubuhi."

Bwana Armitage alishuka naye, akamwonyesha mita. Tangu siku hiyo hakumjali tena mgeni mwenye daftari, na asiye na daftari hakumjali kabisa.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu, ile mvua ya Skelbeck isiyo na haraka, inayonyesha kama inayolipwa kwa saa. Alhamisi ikakatika. Saa tano Edna alipanda kilimani na chupa yake, akamkuta kwenye benchi mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la mvua la kijani, anakula sandwichi ya yai. Walisogezeana nafasi, wakapeana hali ya hewa. Bwana Armitage alikuwa chini, mbele ya nyumba yake, na rula, akipima umbali kati ya chungu cha thelathini na moja na cha thelathini na mbili. Alimwona yule mama kwa mbali. Hakuwa na daftari.

Ukuta ulianguka saa tano na robo. Haukuanguka kwa kishindo. Ulijitokeza tumbo, ukasita, kisha ukajimimina nyuma ya benchi hatua sita nzima, kwa sauti ya mtu anayemwaga gunia la makaa. Ulipotulia, kondoo arobaini na watatu wa Alf Dinsdale walikuja kwenye pengo, wakasimama, wakatafakari. Kisha wakapita mmoja mmoja, wakashuka njia ya mawe kuelekea kijijini.

Kwetu tuna msemo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Skelbeck hawana msemo huo. Wao walikuwa na ukuta wenyewe na wakaona unatosha.

Kondoo walifuata utaratibu. Walianza na hori la farasi, wakahamia kwenye mapipa, wakagawana toroli, halafu wakafika kwenye vyungu vya Mwenyekiti na kuvishughulikia kwa mpangilio wa kamba, kuanzia cha kwanza. Bwana Armitage alipunga rula. Alipiga filimbi. Kondoo mmoja aliinua kichwa, ua jekundu likimning'inia mdomoni, akamwangalia, akaendelea.

"Rudini! Hamna kibali! Alf! Alf Dinsdale!"

Alf alitokea akiendesha baiskeli, akashuka, akaegemea lango akiangalia. "Wasomee kanuni, Mwenyekiti. Anza na ya saba."

"Ni kondoo wako hawa!"

"Kondoo wangu, ndiyo. Ukuta wa nani?"

Ndipo Bwana Armitage alipokumbuka kwamba kulikuwa na wanawake wawili kule juu, na rula ikamtoka mkononi. Alipanda njia ile mbio kuliko alivyowahi kupanda kitu, cheo kikiwamo, akisema peke yake, "Mungu wangu, Mungu wangu, nilitoa mawe mimi." Tumwandikie hilo, maana alilisema bila ajenda.

Aliwakuta wazima. Mawe ya mbele yalikuwa yamesimama hatua moja kutoka mgongo wa benchi. Edna alikuwa amepiga magoti kwenye pengo, sketi matopeni, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mkononi alishika kiko cha kuvutia tumbaku, cheusi, kimejaa udongo.

"Bi Raine! Umeumia?"

"Kiko chake," Edna alisema. "Mwaka wa themanini na sita alikipoteza. Akasema mimi nimekificha kwa sababu ya kikohozi chake. Nikaapa sijakigusa. Mpaka anakufa hajaniamini, kila Krismasi ananiuliza, Edna, umekiweka wapi? Kumbe kakijengea humu mwenyewe, mzee mjinga yule!" Akacheka, akapangusa macho kwa kiganja, akajipaka tope shavuni. "Miaka yote hiyo ananisingizia."

Mama wa koti la kijani alikuwa amechuchumaa karibu naye. "Lakini kimefikaje ndani kabisa?"

"Ukuta ni kuta mbili, mwanangu. Moja huku, moja kule, zinaegemeana. Katikati unajaza vijiwe, kimoja kimoja, vinakabana. Watu huona uso tu. Huku nje ni Norman." Akatia mkono kwenye vijiwe vilivyomwagika, akavichota. "Huku ndani ni mimi. Miaka miwili nilijaza mimi, yeye anapanga, mimi najaza. Atakuwa kaniwekea kiko kwenye ndoo yangu, nami nikakipachika."

Bwana Armitage alitazama vijiwe vile. Katika jalada lake lote, kurasa sitini na nne, hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba ukuta una ndani.

"Nilidhani ni ukuta wa mumeo tu," alisema.

"Hukuuliza. Ulikuja na dira."

Alisimama pale, kofia mkononi, akiona aibu, na aibu ile haikuwa biskuti. Lakini mazoea ni mazoea. Alimgeukia mama wa koti la kijani, akanyoosha tai. "Naomba radhi kwa usumbufu, bibi. Kwa kawaida kijiji chetu kinaonekana vizuri. Tunamtarajia jaji siku yoyote."

"Ndiyo," yule mama alisema, akifunga boksi lake la sandwichi. "Mimi ndiye."

Chini kijijini kengele ya kanisa ililia. Kondoo mmoja alikuwa ameipata kamba yake.

"Na... maua uliyaona?" aliuliza Bwana Armitage.

"Niliyaona. Naona kondoo nao wameyapenda."

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili. Ossgill walishinda tena. Skelbeck walikuwa wa kumi na tisa kati ya vijiji kumi na tisa, na maelezo ya jaji yalikuwa mistari miwili: "Maua: hakuna. Benchi: nilikaa nikatazama mbali, na jambo la maana likatokea nyuma yangu. Ningeshauri baraza lifikirie upya."

Bwana Armitage angependa suala liishie hapo, likaingizwa kwenye jalada, na fundi akaitwa kutoka mjini. Lakini Bi Hilary Stobbs, katika kutimiza wajibu wake, alikuwa amebandika karatasi ya njano. Mkutano mkuu wa wanakijiji uliitishwa Julai, na safari hii walikuja watu tisini na sita, wengine wakasimama madirishani. Mbwa wa karani alikosa nafasi.

Bi Hilary alisoma Kanuni ya Saba kwa sauti isiyo na chumvi. "Ukuta," alisoma. "Kwa mikono yake mwenyewe. Hadharani. Bila kutuma mtu. Mpaka kazi ikamilike."

"Kanuni ile ilikuwa na dhamira mahususi," alisema Bwana Armitage.

"Tunaijua dhamira yake," Alf alisema. "Bado inaniwasha."

"Mimi sijui kupanga mawe! Sijawahi!"

"Utafundishwa," Edna alisema kutoka mstari wa mbele. Aliongea bila hasira. "Norman naye alifundishwa. Alikuwa hajui kitu, mikono kama siagi. Miye nitakuonyesha, nami nitajaza ndani."

Bi Hilary akafungua ukurasa mwingine. Lilibaki jambo moja, alisema. Azimio la Mei linataka kila benchi litazame mandhari bora zaidi ya kijiji, kama itakavyothibitishwa na mkutano mkuu. Mkutano mkuu ndio huu. Bonde lina pendekezo la Mwenyekiti. Je, kuna pendekezo jingine?

Alf alinyoosha mkono. "Napendekeza Mwenyekiti akiujenga ukuta."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko, halafu mikono ikapanda, yote, hata ya diwani wa kusinzia, aliyekuwa macho kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Bi Hilary alihesabu. Bonde halikupata kura. Bwana Armitage alitafuta dosari katika utaratibu, kwa uzoefu wa miaka thelathini na moja, na hakuona hata moja, maana utaratibu aliuandika yeye.

Benchi likageuzwa Jumamosi. Mawe manne yakatoka chini ya miguu yake, yakarudi ukutani, na benchi likakaa sawasawa bila kuegemezwa na kitu. Kila siku saa tano Edna hupanda na chupa yake, kiko cha Norman mfukoni. Watu wengine hupanda na viti vyao vya kukunja, maana benchi halitoshi, na wiki iliyopita walifika hata watu wa Ossgill, na sandwichi. Mikono ya Bwana Armitage imefanya malengelenge, yakapasuka, ikafanya sugu. Ameshapanga hatua mbili na nusu. Hatua moja Edna alimfumulisha mara tatu.

"Toa hilo. Limekaa kwa sura tu, halijashika."

"Hili lilikuwa zuri, Bi Edna."

"Zuri kwa nje. Toa."

Jana kulikuwa kweupe, milima yote imetoka, bonde linang'aa. Bwana Armitage aliweka jiwe, likakaa, likakataa kutikisika, na Edna hakusema toa. Akajisikia furaha ambayo hakuna mshale uliowahi kumpa. Akanyoosha mgongo, akageuka taratibu ili na yeye alitazame bonde kidogo.

"Clement," Edna alimwita, akimimina chai. "Mandhari haigeuki kuangalia watu. Rudi kazini."